Panda Mikoko Ishike: Mwongozo Kamili kwa Makanisa na Jumuiya za Mombasa

Kila mwaka, kati ya Septemba 1 na Oktoba 4, makanisa mengi huadhimisha Msimu wa Uumbaji. Hapa Mombasa vikundi huteremka topeni Mikindani, Jomvu, Junda au Mtongwe wakiwa na mbegu za mikoko, wakaimba, wakapanda, wakapiga picha. Krismasi ikifika, kilichobaki ni vijiti vikavu. Mwaka unaofuata kikundi kilekile kinarudi palepale, kinapanda vilevile, na mambo yanaishia vilevile.

Swali tunaloulizwa ni moja: je, mbegu zilikuwa mbovu? Mara nyingi mbegu hazina kosa. Mahali palikuwa pabaya, au palikuwa pazuri lakini hakuna aliyerudi kupaangalia. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mwongozo huu inahusu kazi ya kabla ya kupanda na baada ya kupanda. Kupanda kwenyewe ni asubuhi moja tu.

Mwongozo huu ni wa ndani ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu: Tudor, Port Reitz, Mtwapa na vijito vyake. Ufuo wa wazi unaopigwa na mawimbi, kama Nyali au Bamburi, si mahali pa mikoko. Usihangaike nao.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kikundi cha watu 30 hivi:

- Barua ya ruhusa kutoka ofisi ya Shirika la Misitu, KFS
- Ratiba ya maji kujaa na kupwa ya bandari ya Kilindini
- Gambuti au viatu vizee vya kufungwa kwa kamba. Ndala zitabaki topeni.
- Glavu nene za kuokotea taka
- Magunia ya taka, na mengine safi ya kubebea mbegu
- Kamba ya mita 20 yenye fundo kila baada ya mita moja
- Vijiti 40 vya kuwekea alama, vilivyofungwa vitambaa vyekundu
- Daftari na kalamu ya risasi, maana wino ukipata maji ya chumvi haubaki
- Maji safi ya kunywa, maji mengine ya kunawa, sabuni, dawa ya vidonda na plasta
- Watu watano waliokubali, kwa majina yao, kurudi kila mwezi kwa miaka mitatu

Kama kitu cha mwisho hakipo, ahirisha. Yesu aliuliza ni nani atakayejenga mnara bila kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Gharama ya mkoko ni miguu ya watu kurudi topeni wakati hakuna kamera.

## Hatua ya 1: Uliza kwa nini pako wazi

Mikoko hujipanda yenyewe. Mbegu huanguka, huelea, hupelekwa na maji, na ikipata mahali pazuri hushika. Kama bahari imekuwa ikileta mbegu miaka yote na bado pako wazi, kuna sababu. Tafuta sababu hiyo kabla ya kugusa mbegu.

Nenda na wazee wawili watatu wa mtaa, hasa wavuvi na akina mama wanaookota chaza. Waulize: palikuwa na miti hapa zamani? Aina gani? Ilikatwa au ilikufa imesimama?

Ukiambiwa hapakuwahi kuwa na mti hata mmoja, ni tope tupu au nyasi za baharini tangu enzi za babu zao, ondoka hapo. Tope hilo ni malisho ya ndege na kaa, na nyasi zile ni makao ya samaki. Kulazimisha mikoko hapo ni kuharibu kiumbe kimoja kwa jina la kingine.

Ukiambiwa ilikatwa na ikaacha visiki, hapo pana matumaini makubwa. Ukiona miche midogo imeanza kujiotea, furahi, na usipande kitu. Kazi yenu hapo ni kulinda na kuokota taka, na ni kazi kamili wala msiione haya. Najua ni vigumu kuieleza kamati iliyokwisha kuchapisha fulana za siku ya kupanda miti, lakini mche uliojiotea una nguvu kuliko wowote mtakaouchomeka.

Ukiambiwa ilikufa imesimama, chunguza maji. Mizizi ya mikoko hupumua juu ya tope. Ikifukiwa na udongo au takataka, au ikizamishwa na maji yaliyotuama, mti hufa. Huko Mwache, nyuma ya Port Reitz, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara, mizizi ikafukiwa na msitu mkubwa ukakauka. Hakuna shoka lililopita pale.

Dalili kwamba hatua hii imefaulu: unaweza kusimama mbele ya jumuiya na kusema kwa sentensi moja kwa nini miti haipo, na kila mvuvi aliyepo akaitikia kwa kichwa.

## Hatua ya 2: Bisha hodi kwa wenyewe

Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932. Huruhusiwi kukata, na hata kupanda kunahitaji KFS wajue. Wapelekee barua, uombe afisa wao aje aone mahali. Ushauri wake utawaokoa na mengi. Pitia pia kwa chifu, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo (BMU), na chama cha jamii cha misitu kama kipo eneo hilo. Mara nyingi kuna kikundi ambacho kimekuwa kikipanda hapo kimyakimya kwa miaka. Jiungeni nacho badala ya kuanzisha kingine chenye jina la parokia yenu.

Kisha nenda msikitini, maana hori halina dhehebu. Kamba na kaa wanaokulia kwenye mizizi ya mikoko hununuliwa na kila nyumba, na jirani Mwislamu anayeshinda pale ufukweni ataiona miche yenu mara nyingi kuliko mtakavyoiona nyinyi. Mwite imamu kwa heshima yake, mweleze mpango mapema kabla hamjauweka kwenye matangazo, na muulize siku gani inafaa kwa watu wake. Waislamu wana mafundisho yao mazito juu ya kupanda miti, hutahitaji kumshawishi.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa 2015, alisema hali ya hewa ni mali ya pamoja, ya wote na kwa ajili ya wote. Hapa Mombasa maneno hayo yanaanza na nani aliyeketi kwenye kikao cha kwanza.

Onyo: usipokee ardhi ya kupandia kutoka kwa mtu anayesema ufuo huo ni wake. Mikoko imewahi kutumiwa kama uzio wa kunyakulia. Uliza KFS kwanza.

## Hatua ya 3: Ondoa kinachoua

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, kwa sababu haina picha nzuri.

Anzeni na takataka. Ndani ya hori la Tudor hatari kubwa kwa mche mdogo huwa ni kitambaa. Nguo kuukuu na mifuko ya nyuzi huelea na maji, hujizungusha kwenye shina, na maji yakipwa huuvuta mche chini mpaka ulale. Chupa za plastiki nazo huusukumasukuma kila maji yanapoingia. Okoteni eneo lote, na mita 20 kuzunguka pande zote, maana taka za jirani zitahamia kwenu bamvua lijalo, maji yakijaa sana.

Fuateni na mtaro zinakotoka. Kama kuna mdomo wa mtaro unaomwaga taka moja kwa moja, andikeni barua kwa kaunti na nakala kwa mamlaka ya mazingira, NEMA, mkiwa na picha, tarehe na sahihi za kanisa na msikiti. Wakati mnasubiri majibu, wekeni wavu wa zamani wa uvuvi kwenye mdomo huo na muusafishe kila wiki.

Halafu angalieni maji. Njooni saa mbili baada ya maji kupwa. Kama bado kuna madimbwi yaliyotuama, kuna kitu kinaziba njia: kifusi, tuta la njia ya miguu, au mfereji uliojaa. Kuzibua mfereji wa zamani kwa jembe, kwa ruhusa ya KFS, kunaweza kurudisha miti mingi kuliko mbegu elfu mnazochomeka.

Onyo la afya: maji taka ya majumbani huingia kwenye hori. Mwenye kidonda asiingie topeni. Watoto wasiokote taka. Kuna vioo na sindano. Kila mtu anawe kwa sabuni kabla ya kula.

Na kuna shoka. Mtu anayekata mikoko kwa ajili ya kuni ni jirani yenu, pengine hukaa nanyi benchi moja Jumapili. Kumkemea mimbarani hakumpikii chakula. Kama kanisa lina kiwanja kikavu, pandeni mvinje. Hukua haraka, hutoa nguzo na kuni, na mtu akikata hakuna dhambi. Makaa ya vifuu vya nazi nayo hufaa kwa jiko la nyumbani. Vikundi vingine hutundika mizinga ya nyuki ndani ya mikoko, na asali ikianza kuuzwa walinzi huongezeka bila kuajiriwa, mbali na kwamba nyuki wenyewe hawapendi kelele za shoka.

## Hatua ya 4: Chagua mti unaofaa mahali pale

Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila moja ina daraja lake kutoka kwenye maji hadi nchi kavu. Wengi hupanda mkoko wenyewe, ule wa mizizi ya magongo, kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kuchomeka. Ukipandwa juu sana hukauka, na ukipandwa chini sana huzama.

Kwa ufupi: mlilana hukaa mbele kabisa karibu na maji. Mkoko hufuata, pale tope ni laini na maji huingia karibu kila siku. Muia na mkandaa hukaa nyuma yake, udongo ukianza kuwa mgumu. Mchu huvumilia chumvi nyingi na utauona mbele na nyuma pia. Mkomafi na msikundazi hukaa karibu na nchi kavu.

Usikisie daraja. Yaache maji yenyewe yakuchoree mstari, hivi:

Chagua siku tulivu. Maji yakiwa yanajaa, simama kwenye miche ya asili yenye afya iliyo karibu na eneo lenu. Mara maji yanapogusa mguu wa mche wa chini kabisa, piga filimbi. Wenzako waliopangwa kwenye eneo lenu wachomeke vijiti vyekundu palepale maji yalipofika. Endelea kungoja. Maji yakigusa mche wa juu kabisa wa aina hiyohiyo, piga filimbi tena, vichomekwe vijiti vingine. Kati ya mistari hiyo miwili ndipo aina hiyo ya mti inapoishi. Nje ya hapo usipande hata kama kuna nafasi.

Ni kazi ya saa chache na haihitaji kifaa chochote. Ukiniuliza ni jambo gani moja lisiloruhusiwa kuachwa katika mwongozo huu wote, ni hili.

## Hatua ya 5: Okota mbegu

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina pete ya manjano pale inapoungana na tunda lake, na rangi ya mbegu imeanza kuacha kijani kibichi na kuelekea hudhurungi. Izungushe kidogo kwa vidole. Ikitoka yenyewe, iko tayari. Ikikataa, iache; ukiivuta kwa nguvu umeichuma mbichi na haitashika.

Zilizoanguka chini pia zinafaa kama bado ni ngumu na nzito. Kagua kila moja. Tupa yenye tundu la mdudu, iliyovunjika ncha, iliyonyauka au yenye mizizi mirefu iliyokwisha kujikunja.

Mbegu ya mchu ni tofauti: ndogo, bapa, ya kijani. Iloweke usiku mmoja, ganda litoke lenyewe, kisha ikuze kitaluni mpaka mche ufike kimo cha futi moja hivi. Ukiitupa moja kwa moja topeni, mkondo utaibeba.

Okoteni katika msitu uleule wa hori lenu, na msimalize mti mmoja. Wekeni mbegu kivulini, ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya hori, na mpande ndani ya siku chache. Gunia lililosahauliwa juani nyuma ya pikapu ni gunia la kuni. Okoteni ziada kidogo ya mnazohitaji, kwa ajili ya kujazia mapengo.

## Hatua ya 6: Chagua siku na saa

Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya Mombasa hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano hivi za asubuhi. Kila siku inayofuata, muda huo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Pandeni siku mbili au tatu baada ya bamvua. Mikondo inaanza kupungua kuelekea maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, kwa hiyo mbegu hupata wiki moja ya utulivu kabla ya bamvua jingine. Faida ya pili ni kwamba maji hupwa karibu na saa sita au saa saba mchana. Jumapili ikiangukia hapo, mnatoka kwenye ibada na mnakuta tope linawasubiri. Thibitisha kwa ratiba ya maji. Usitegemee hesabu hii peke yake.

Fikeni saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na muwe mmetoka saa moja na nusu baadaye. Mtu mmoja asipande kitu. Kazi yake iwe kutazama maji na kuhesabu watu. Ndani ya vijito maji hurudi kupitia mifereji ya nyuma, na mnaweza kuzungukwa mkidhani bado yako mbele.

## Hatua ya 7: Panda

Tandazeni kamba kati ya mistari ya vijiti vyekundu. Kila penye fundo, mbegu moja. Mita moja kila upande.

Kabla ya mtu yeyote kuanza, mwonyesheni juu na chini ya mbegu. Ncha iliyochongoka na kunenepa kidogo ndiyo mzizi, huenda chini. Upande wenye kichipukizi chembamba kama ncha ya penseli huelekea mbinguni. Kosa hili hutokea kila msimu, hasa kwa wageni wa heshima, na hakuna anayethubutu kuwarekebisha. Warekebisheni kwa upole.

Sukuma mbegu kwa mkono mpaka theluthi moja iwe ndani ya tope. Kwenye udongo mgumu, toboa kwanza kwa kijiti, kisha bana udongo kuizunguka kwa vidole. Ikiingia kidogo sana huelea. Ikizama nusu au zaidi hunyimwa hewa. Ivute taratibu kwa vidole viwili. Ikibaki palepale, endelea na inayofuata.

Mche wa kitaluni uvueni mfuko wa plastiki kabisa, na mfuko huo urudi nao nyumbani. Hesabuni mifuko mkitoka: ikiwa miche ilikuwa 200, mifuko iwe 200.

Msikanyage vijiti vinavyochomoza kutoka topeni chini ya mchu. Ni mizizi yake ya kupumulia. Tembeeni kwenye njia moja kuingia na kutoka.

Chagueni kipande cha mita 10 kwa 10, mistari 10 ya mbegu 10, mkiwekee alama za kudumu kwenye pembe nne. Hicho ndicho kipande cha hesabu. Kina mbegu 100, kwa hiyo idadi ya zilizo hai ndiyo asilimia yenu.

Sala iwe fupi na isomwe pale topeni, kabla ya maji kurudi. Zaburi ya 24 inatosha: nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana.

## Hatua ya 8: Tunza kwa miaka mitatu

Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kazi ya kwanza mmekwisha kuifanya. Hii ya pili ndiyo ndefu.

Wiki ya kwanza, rudini mara mbili. Simamisheni zilizolala, jazieni mapengo kwa mbegu za ziada, ondoeni vitambaa.

Baada ya hapo mara moja kwa mwezi. Okoteni taka, toeni mwani uliojizungusha kwa kuutelezesha juu taratibu, bila kuung'oa. Mbuzi hupenda majani ya mchu. Zungumzeni na mwenye mbuzi kabla ya kufikiria uzio. Msiweke mbolea, msimwagilie maji, msipunguze matawi.

Hesabuni kipande chenu mwezi wa 1, wa 3, wa 6 na wa 12. Andikeni idadi na kilichoua. Kuna mauti ya aina nne mtakayoyaona sana:

Mbegu imetoweka kabisa. Mkondo, au haikusukumwa vya kutosha.

Imekatwa juu ya tope kama kwa wembe. Kaa. Zilizokaa kivulini siku kadhaa kabla ya kupandwa huwavutia kaa kidogo kuliko zilizochumwa leo.

Shina limejaa magamba magumu ya wadudu wa baharini. Mmepanda chini mno, mche unakaa majini muda mrefu. Msikwangue. Safari ijayo pandeni juu zaidi.

Majani yamekauka kuanzia ncha. Mmepanda juu mno, au maji hayafiki. Hapo jaribuni mchu.

Mafanikio yanaonekana hivi: mwezi wa pili, majani mawili ya kwanza yamefunguka. Mwisho wa mwaka, mche una jozi kadhaa za majani na hautingishiki ukiguswa. Mwaka wa pili au wa tatu, magongo ya kwanza yanashuka kutoka shinani, mashimo ya kaa yameongezeka chini yake, na mnaanza kuona miche ambayo hamkuipanda nyinyi.

Kama mwezi wa 6 chini ya 50 ziko hai, msipande tena. Rudini Hatua ya 1. Na idadi hiyo isomwe kanisani kwenye matangazo, iwe nzuri au mbaya, kama inavyosomwa hesabu ya sadaka. Waliotoa nauli na magunia wana haki ya kujua.

## Maswali yanayorudi

Tuna watu 300 wanaotaka kupanda siku moja. Tufanyeje? Pandisheni 30. Wengine 270 waokote taka na kuzibua mitaro ya mtaa. Tope likikanyagwa na watu 300 linakandamana na mizizi inakosa hewa.

Serikali ina lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Tuandike tumepanda mingapi? Andikeni iliyo hai baada ya mwaka, hata kama ni 60.

Tutalipwa pesa za kaboni? Gazi, kaunti ya Kwale, jamii inauza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yake, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, na mapato yamesaidia maji na shule ya kijiji. Lakini wao wanasimamia hekta 117, kwa mkataba na serikali na vipimo vya wataalamu. Kipande chenu cha ekari moja hakifiki huko, kwa hiyo msiwaahidi vijana pesa hizo. Waahidini gambuti, chakula cha mchana siku ya kazi, na majina yao kwenye daftari la hesabu.